Mhariri, Land Rover ya zamani ikipewa injini mpya na breki ziangaliwe

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka huku Lushoto. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na naomba radhi mapema maana nitaandika kirefu, hili jambo nimekaa nalo zaidi ya mwaka sasa na kila nikiteremka Mombo naliona tena barabarani.

Huku kwetu milimani Land Rover 109, zile ndefu za zamani (109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), bado zipo, na zinafanya kazi kweli, zinabeba viazi, kabichi, mbao, wagonjwa, maharusi, kila kitu. Ila injini zake za petroli zimezeeka na petroli imepanda, kwahiyo watu wengi wanazitoa wanaweka injini za dizeli za kisasa kidogo, za Land Rover zenyewe za miaka ya karibuni au za Toyota. Mi naunga mkono kabisa, na mwenyewe nimefanya. Ninachotaka kusema ni kwamba sisi wenye magari na mafundi wetu tunaiangalia injini tu, likiwaka likatoa moshi mzuri tunapiga makofi, breki zinabaki zilezile za mwaka 1976 na kadi ya gari inabaki inasema petroli. Hapo ndo watu watakufa.

La kwangu ni la marehemu baba, Series III ya mwaka 1976, pikapu ya turubai. Baba alikuwa anachukua kabichi Lukozi anateremsha Mombo kwenye barabara kuu, miaka na miaka. Alipofariki gari likakaa chini ya mparachichi miaka sita, kuku wanataga kwenye siti ya kati. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja mara tatu na mizani yao na mama kila mara akawaambia rudini mlikotoka, gari hili limesomesha watoto watano. Kwahiyo nilipopata pesa kidogo sikununua gari lingine, nikaamua nilifufue hilohilo.

Fundi wangu ni mzee, amefanya Land Rover tangu ujana wake. Siku ya kwanza sikumsikia akiongelea injini hata mara moja. Akaniambia "mwanangu, chesisi kwanza," yaani ile fremu ya chuma ya chini inayobeba gari zima. Akaingia chini na nyundo ndogo akawa anagonga, anaanzia mbele anakwenda nyuma, anagonga anasikiliza. Palipo na chuma kizima inalia ngo, ngo, ngo, palipoliwa inatoa sauti butu kama unagonga boksi la karatasi, alafu vumbi la kutu linamwagika usoni kwake. Akaweka alama za chaki. Alipotoka nikahesabu alama kumi na moja, nyingi ziko kwenye mshikizo wa springi za nyuma na ile boriti ya nyuma kabisa inayoshika ndoano ya kuvutia. Watu hawaamini kwasababu bodi ya nje inang'aa, lakini bodi ya Land Rover ni aluminiamu. Gari hili lilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948 Uingereza chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, aluminiamu ndo ilikuwa inapatikana, basi wakaunda bodi kwa hiyo na wakaendelea nayo. Bodi haishiki kutu, chesisi ni chuma na inaoza kimyakimya chini huko. Tulichomelea wiki tatu. Bila kazi hiyo ningekuwa nimeweka injini ya nguvu kwenye gari linalokatika katikati.

Sasa injini. Ile ya zamani ya petroli ina ujazo wa cc 2286, haina kosa lolote, ni injini mvumilivu sana, unaitengeneza kwa spana chache na waya, ila kwa mlima wa huku na mzigo wa kama tani moja ilikuwa inanipa kilomita tano kwa lita, siku nyingine nne. Biashara ya kabichi haiwezi kubeba hiyo.

Wengi hapa wanaweka Toyota. Naelewa, spea za Toyota utazipata hata duka la kijijini. Kuna waliofunga 3L, kuna mmoja nimemuona amefunga 1HZ ile ya silinda sita ya cc 4164, injini ngumu kweli, ila ni ndefu na nzito, ilibidi wakate na kusogeza vitu vingi mbele, watengeneze pleti ya kuunganisha na gia boksi, na springi za mbele zimelala. Mi nikachagua 200Tdi, injini ya dizeli ya Land Rover Discovery, na sababu yangu ni moja ambayo vijana wengi hawaijui. 200Tdi ni mjukuu wa injini ileile ya zamani. Land Rover walianza na ile ya cc 2286, wakaikuza ikawa lita 2.5, wakaiwekea tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini, alafu mwaka 1989 wakaja na hii yenye cc 2495, hosipawa 111 na mvuto wa nyutoni-mita 265 kwenye mizunguko 1800 tu. Tumbo la injini ni la ukoo mmoja, kwahiyo mashikio ya pembeni na bolti za kengele ya klachi, ile nyumba inayounganisha injini na gia boksi, kwa sehemu kubwa zinakubali kukaa palepale pa zamani. Ile 300Tdi iliyofuata mwaka 1994 ni nzuri pia ila mashikio yamehama, kuchomelea kunakuwa kwingi. Na zote mbili pampu yake ya dizeli ni ya kimakenika, haina kompyuta, waya mmoja tu wa kufungua dizeli na unawaka. Hizi za baadaye za kompyuta ni nzuri, zina nguvu, ila likikufia Mtae saa mbili usiku na ukungu umeshuka nani atakuletea mashine ya kusoma makosa?

Injini niliinunua mtumba na hapa ndo nilipigwa. Sitataja duka wala mji. Muuzaji aliiwasha mbele yangu ikiwa mezani, ikaunguruma vizuri, dakika mbili akazima, nikalipa, akaniandikia karatasi ya daftari yenye neno "injini moja" na kiasi cha pesa. Basi. Tulipofika gereji mzee hakukubali kuifunga bila kuifungua kichwa, mi nikalalamika kwamba tunapoteza muda. Akatoa silinda hedi, akaifuta, akalaza rula ya chuma juu yake alafu akawasha tochi ya simu upande wa pili akaniita. Mwanga ulikuwa unapita chini ya rula, mstari mwembamba kama uzi, katikati hapo silinda ya pili na ya tatu. Silinda hedi ya injini hizi ni aluminiamu, tofauti na ile ya zamani ya chuma, ikichemka mara moja vibaya inapinda. Injini ilishachemka huko ilikotoka, ikawekwa gasketi mpya, ikaoshwa, ikauzwa. Nilimpigia muuzaji akasema bidhaa ikishatoka haina kurudi. Nikatafuta hedi nyingine, miezi miwili na nusu ikaenda hapo pamoja na pesa ya mahindi ya msimu mzima.

Kwahiyo kwa yeyote anayetaka kununua, injini kuwaka dakika mbili haisemi kitu. Sisitiza iwake mpaka ipate moto, shika paipu za maji uone kama zinavimba, fungua kofia ya oili uangalie ndani kama kuna uji wa rangi ya maziwa, na usikubali kuondoka bila risiti yenye namba ya injini imeandikwa yote. Hiyo namba utaikumbuka baadaye, ngoja nifike. Na taiming belti badilisha kabla injini haijaingia kwenye gari, usiangalie kama inaonekana mpya, hujui ina kilomita ngapi, ikikatika inaharibu injini ndani.

Kuifunga yenyewe kulichukua siku tisa. Tabo ya ile ya Discovery imekaa chini, inagonga chesisi ya 109, ikabidi tupate manifoldi, yaani paipu za moshi zinazotoka kwenye injini, ya Land Rover Defender inayoweka tabo juu. Nyumba ya filta ya oili nayo ilikuwa inagusa, tukabadilisha. Tangi la petroli tukalifua mara tatu tukaongeza paipu ya kurudisha dizeli, maana dizeli inakwenda na nyingine inarudi. Rejeta tukasogeza mbele kidogo, waya mnene wa hita plagi, ekzosi mpya. Nayapitia haraka kwasababu haya kila fundi anayaona, hayana siri.

Siku tulipoiwasha, Mhariri, sijui nielezeje. Mama alitoka ndani na unga mikononi. Gari lililokuwa kimya miaka sita likanguruma pale uani na kuku wote wakakimbia, mama akaweka mkono juu ya boneti akasimama hivohivo, hakusema kitu, sisi wote tukanyamaza. Kesho yake nikapanda Lukozi, kona ambazo baba alikuwa anazipanda gia ya kwanza nikazipanda gia ya tatu, nikifikiria angeziona.

Wiki ya pili nikapakia kabichi nikateremka.

Wanaoijua barabara ya Lushoto kwenda Mombo wanajua, kilomita kama 33 hivi, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba upande mwingine bonde na mto chini kule. Mpaka Soni nilikuwa sawa. Baada ya Soni nikaanza kuona pedeli inakuwa ngumu, nakanyaga lakini gari linachukua muda kunisikia. Nikasema labda ni mzigo. Kona mbili baadaye nikakanyaga ikawa kama nakanyaga jiwe, pedeli haishuki, gari linakwenda, na harufu ya breki imejaa kebini. Nilikuwa gia ya tatu kwasababu injini mpya ilishanizoesha kwenda gia ya tatu, na hapo ndo kosa langu lilipo kubwa kuliko la fundi yeyote. Nikapigana na gia mpaka ikaingia ya pili, injini ikalia, nikavuta hendibreki, nikalaza ubavu wa kushoto kwenye ukingo wa udongo upande wa mwamba. Likasimama. Mbele yangu mita kama ishirini kulikuwa na watoto wa shule wanapandisha, wamevaa masweta ya kijani, wamesimama wananiangalia. Sijawahi kuwaeleza wazazi wao.

Tulipofungua tukakuta kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye kazi nzima. Breki za 109 yangu zina busta, lile kopo linalosaidia mguu, na linafanya kazi kwa vakyumu, yaani kunyonya hewa. Injini ya petroli ilikuwa inalipa vakyumu kutoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Dizeli haiwezi kufanya hivo, ina pampu yake ya vakyumu pembeni. Paipu ngumu ya zamani haikufika kwenye pampu, kijana wa gereji akaunganisha na mpira laini wa kupitishia mafuta. Ukiwa wa baridi ulifanya kazi vizuri. Ukipata moto wa injini ukalainika na vakyumu ikaunyonya ukajikunja ukalala bapa kabisa kama utepe, mzee aliushika kwa vidole viwili akanionyesha, kuta mbili za ndani zimegandana. Busta ilikuwa haipati kitu. Breki shuu nazo zilikuwa zilezile alizoacha baba, zimekakamaa kama kigae, na ngoma moja ya nyuma ilikuwa na oili ya ekseli. Hizo zilitosha kwa injini ya zamani inayopanda taratibu na kushuka taratibu. Mi niliongeza nguvu ikawa karibu mara moja na nusu ya ile ya zamani na sikuongeza hata senti kwenye kusimama.

Sasa nina paipu ya vakyumu yenyewe ile nene, shuu mpya pande zote nne, silinda za magurudumu mpya, sili za ekseli mpya, mafuta ya breki yamebadilishwa yote. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na injini. Naomba kila mwenye gari la namna hii aanze na hapo, kabla hata ya kutafuta injini.

Kuna jambo jingine wanaobadilisha wanalikosea, difu, zile gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. 109 ina difu ya uwiano wa 4.7, yaani shafti inazunguka mara 4.7 gurudumu lizunguke mara moja, ni fupi sana, kwa spidi ya 80 injini inazunguka karibu mara 2900 kwa dakika, inapiga kelele na dizeli hii inapenda chini ya hapo. Kwahiyo watu wanaweka difu za 3.54 za Land Rover za baadaye gari likimbie. Sawa, kama unakaa tambarare unakwenda Korogwe na Tanga kila siku, weka, ila weka mbele na nyuma zote mbili, nimeona mtu kabadilisha ya nyuma tu akaingiza fowili, yaani magurudumu yote manne yavute, kwenye tope na transfa boksi, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, ikapasuka maana magurudumu ya mbele na nyuma yanavutana. Kwa sisi wa milimani ushauri wangu ni uache 4.7. Ndo inakushika ukiwa unateremka na mzigo. Mi nimeacha, naendesha 65, nafika, na sasa napata kilomita tisa kwa lita.

Nimalizie na karatasi, na hapa naomba gazeti lako lisaidie. Kadi yangu ya gari inasema petroli, cc 2286, na namba ya injini ya zamani. Gari lenyewe ni dizeli, cc 2495, namba nyingine. Nikigonga mtu leo kampuni ya bima ina sababu ya kuniambia gari ulilokatia bima silo hili. Trafiki akinisimamisha akafungua boneti ana haki ya kuniuliza injini umeitoa wapi. Sikutaka kuishi hivo kwahiyo nikaenda ofisi inayohusika, nikaambiwa niende nyingine gari likakaguliwe, kule nikaambiwa nianze kule nilikotoka, na kote nikaombwa risiti halali ya injini ambayo muuzaji hakunipa. Nimekwenda safari nne. Wahudumu wengine walikuwa waungwana, sitaki kumsema mtu, ila hakuna aliyeweza kunipa karatasi moja yenye orodha ya vitu vinavyotakiwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Ndo maana wengi wanaacha tu, wanaendesha na kadi ya uongo.

Wahusika nawaomba mambo matatu ambayo hayahitaji pesa nyingi. Orodha iwekwe ukutani, iandikwe kwa Kiswahili, mtu ajue aanze wapi. Wauzaji wa injini za mtumba walazimike kuandika namba ya injini kwenye risiti. Na ukaguzi wa gari lililobadilishwa injini usiwe wa kusoma namba tu, mkaguzi aingie chini, aangalie paipu ya vakyumu, aangalie mashikio, alipeleke gari kwenye mteremko na mzigo aone linasimama vipi. Ningelipia ukaguzi huo kwa moyo mmoja. Vyuo vya VETA navyo vinafundisha ufundi wa magari, naomba kazi hii ya kuhamisha injini iingizwe kwenye mafunzo, kwasababu inafanyika kila siku mitaani na vijana wanaifanya kwa kuangaliana. Yule kijana aliyefunga mpira laini hakuwa mzembe, anafanya kazi mpaka usiku, hakuna mtu aliyewahi kumwambia vakyumu inanyonya.

Injini ya baba sijaiuza. Nimeijaza oili kwenye silinda, nimeifunga na turubai lake la zamani, iko stoo juu ya matofali, na namba yake ndo hiyo bado imeandikwa kwenye kadi. Alhamisi ijayo nakwenda safari ya tano, nimempata muuzaji mwingine wa injini aliyekubali kuja kunishuhudia kwa maandishi. Nitateremka na mzigo kama kawaida, gia ya pili kuanzia Soni.

Mwenye 109,
Lushoto, Tanga